Siku ya fani kwa wanafunzi wa sekondari: tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe: Wakuu, msimu wa kualika wageni shuleni waeleze kazi zao umeanza, na ratiba ni zilezile: daktari, mwanasheria na mhasibu meza kuu, wanafunzi 240 juani, maiki moja. Kinachosaidia ni nini, na siku huharibikia wapi?

Mnasihi: Meza kuu ndiyo ugonjwa wenyewe. Wageni wanane, madarasa manane, makundi manane ya watoto 30. Dakika 20 kwa mgeni, dakika 5 za kuhama. Usiwapitishe kote, utatumia saa tatu na zaidi na mgeni sauti imeshakauka. Kila kundi vituo vinne tu, dakika 100. Makundi ndiyo yahame. Ukihamisha wageni, mmoja utamkuta ofisi ya mkuu wa shule anakunywa soda. Kengele mpe mwanafunzi mkorofi kuliko wote, maana mstaarabu atamwonea mgeni haya.

Kobe Mpole: Hapo kwenye soda umemaliza.

Mnasihi: Barua iende wiki tatu kabla, ipitie kwa mwajiri, na iwe na maswali: alisoma masomo gani, chuo miaka mingapi, siku yake ya kazi inaanza saa ngapi, kipi kinachokera. Bila hayo mgeni atasimulia alivyotembea pekupeku kwenda shule.

Mama Kantini: Nyie hangaikeni na kengele. Kuna shule moja ya kata mgeni alikuja na mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, kilo 6. Nusu pipa, kuni, juu yake petroli. Hatua chache nyuma, wapishi. Mtoto aliyepewa mtungi kasimama upepo unampiga usoni. Akavuta pini, akabana. Mtungi ule unaisha kwa sekunde 15 hivi, lakini zilitosha: wingu likageuka, likapita juu ya foleni ya kidato cha pili, likatua kwenye sufuria la pilau ambalo ndiyo kwanza limefunuliwa. Safu ya mbele wote kikohozi, suti ya mtu wa benki utadhani katoka mashine ya kusaga. Na moto bado unawaka!

Jiko la Mkaa: 😂😂 Mhasibu darasani alibaki na nani?

Fundi Mitungi: Mnacheka, lakini kosa la kwanza ni petroli, mvuke wake unadaka moto kwa mbali. Kosa la pili ni upepo, lazima uwe mgongoni. Unasimama mita mbili au tatu, unavuta pini, unaelekeza mdomo kwenye kitako cha moto, siyo kwenye ndimi, unabana, unafagia kushoto na kulia. Kwa maonyesho ya shule washa kuni tupu na uzime kwa mtungi wa maji. Huo wa unga mgeni aeleze tu, pini isiguswe.

Jiko la Mkaa: Pilau je?

Mama Kantini: Walichota la juu wakatupa, la chini likaliwa.

Fundi Mitungi: Jamani! Sufuria lililoingia unga ule linamwagwa lote. Ile ni kemikali, ukoo mmoja na mbolea.

Jiko la Mkaa: Kwani mchicha hatuuwekei mbolea?

Fundi Mitungi: Kwenye shina, mkuu, siyo kwenye sahani.

Tahasusi: Turudi kwenye mada. Daktari aseme njia. Shahada miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Aliyeiacha Fizikia kidato cha tatu, hata awe na A ya Biolojia, mlango umefungwa. Kwa hiyo siku hii ni ya kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo. Cha nne unawapelekea msiba.

Kigoda: Sikubaliani. Cha nne ndio wanaojaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya mbele, na matokeo yakitoka wanapewa nafasi ya kubadilisha. Tangu 2024 tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, ni 65, wao wanajua PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) basi. Hao ndio wa kuelezwa.

Tahasusi: Ukishaiacha Fizikia, hata ziwe 650.

Kobe Mpole: Swali la kwanza la watoto huwa mshahara. Lifutwe.

Mnasihi: Lisifutwe. Maswali yaandikwe kwenye karatasi siku moja kabla, mwalimu achague matano kwa kila mgeni. La mshahara ajibu kwa ngazi: kwa madaraja ya mshahara wa walimu serikalini, wa shahada anaanzia TGTS D, wa stashahada TGTS C.

Kigoda: TGTS D hailipi nauli. Waambiwe shilingi.

Volti Mbili: Mwiteni fundi umeme aje na ubao, swichi mbili, taa na mita, watoto wafunge wenyewe taa ya ngazi (betri, siyo umeme wa ukutani). Atavuta watu kuliko mkurugenzi mwenye slaidi 40, na umeme ukikatika yeye anaendelea.

Chaki Nyeupe: Nimeandika yote. Sasa pilau lifunuliwe saa ngapi?

Mama Kantini: Wa mtungi akishapanda gari.