Paka chotara wa mondo: je, atafaa nyumba yenye watoto na kuku hapa Ujiji?

Mama Zawadi, Ujiji

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Ujiji na mume wangu, watoto watatu ambao mdogo wao ana miaka miwili, mama mkwe wangu ambaye ni mtu mzima sana, na kuku wa kienyeji wapatao ishirini wanaoshinda uani. Ua wetu ni wa matofali na haufiki kimo cha mtu. Panya wametusumbua tangu tuanze kuweka mahindi na mpunga katika chumba cha nyuma, na paka tuliyekuwa naye alikufa baada ya kula panya aliyekula sumu.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam amekutana na mtu anayeuza paka wadogo wawili wa aina ya Savannah, dume na jike, ambao anasema ni kizazi cha kwanza, yaani baba yao ni mondo, yule paka-mwitu wa madoa, na mama yao ni paka wa nyumbani. Bei ni shilingi milioni moja na nusu kwa wote wawili, na anaahidi kwamba wakikua tutawazalisha na kuuza watoto wao. Nimeona picha zao na kwa kweli wanapendeza mno. Mume wangu amekubali kwa shingo upande, nami bado nasita. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Afisa Mifugo Mstaafu, Kasulu

Mama Zawadi, kabla ya kujiuliza kama chotara huyo atawafaa, jiulize kwanza kama ni chotara. Aina ya Savannah ilianzia Marekani, ambako kitoto cha kwanza kilizaliwa mwaka 1986, na TICA, chama cha kimataifa cha kusajili paka, kikaanza kuisajili mwaka 2001. Huko kitoto cha kizazi cha kwanza huuzwa kwa dola 10,000 na zaidi, kwa sababu kumpata si rahisi: mondo hubeba mimba kwa siku 74 hivi na paka kwa siku 63 hadi 65, mbali na tofauti kubwa ya maumbo yao, kwa hiyo mimba nyingi huharibika au watoto huzaliwa njiti. Sasa huyu wa Dar es Salaam anawezaje kuuza wawili kwa milioni moja na nusu?

Mmarekani akitaka mondo hana budi kumnunua kwa mfugaji, lakini sisi mondo yuko porini kwetu, na mtu anayefyeka shamba aweza kukuta watoto wake majanini. Ninachohofia ni kwamba mnauziwa mondo mtupu aliyeibwa kwa mama yake. Picha haitawasaidia, maana masikio makubwa yaliyokaribiana, yenye doa jeupe juu ya weusi kwa nyuma, pamoja na miguu mirefu na mkia mfupi, mtayaona kwa mondo na kwa chotara wake wa kwanza vilevile. Daini hati ya usajili inayotaja wazazi. Kama wametoka nje ya nchi, daini pia kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa kuwa mondo yumo katika Kiambatisho chake cha II, yaani orodha ya wale wasiosafirishwa nje bila kibali, na mkataba huo humhesabu chotara pamoja naye hadi vizazi vinne. Mkikutwa na mnyamapori bila kibali, mtakuwa mmevunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kusema kwamba shemeji alidanganywa hakutawaokoa.

Kuhusu biashara ya kuzalisha, madume ya Savannah ya vizazi vya mwanzo, kwa kawaida hadi cha nne, huwa tasa. Muuzaji ama halijui hilo au anajua kwamba ninyi hamlijui.

Kijana wa Gungu

Dada, tuseme hati zipo. Niliwahi kufanya kazi Nairobi katika nyumba iliyokuwa na paka wa aina ya Bengal, ambaye asili yake ni paka-mwitu wa Asia aliyechanganywa na paka wa nyumbani, na huyo alikuwa wa vizazi vya mbali ambavyo husemwa ni vipole. Hata hivyo alipanda mapazia hadi darini, alifungua makabati, alichezea maji ya ndoo mpaka sakafu ikalowa, na alipoachwa peke yake alilia usiku kucha. Kilichotushinda kabisa ni mkojo aliorusha ukutani na kwenye makochi, ambao harufu yake haikutoka hata kwa sabuni ya unga. Chotara wa kizazi cha kwanza ni mkubwa kuliko huyo na ana damu nyingi zaidi ya porini.

Panya angewamaliza, hilo sikatai, kwa sababu ndio chakula kikuu cha mondo. Lakini mondo hurukia hata ndege aliye hewani, sembuse kuku wa uani, na ukuta wenu huo angeuvuka bila kuchuchumaa. Kuku wa jirani mtawalipa kwa mwezi mara ngapi?

Bi Mwasiti, Tabora

Mwanangu, una mtoto wa miaka miwili na bibi mzee. Akikwaruzwa mmoja wao utaanza kukimbilia sindano za kichaa cha mbwa, na hata huko Marekani hakuna chanjo ya ugonjwa huo iliyosajiliwa kwa machotara wa namna hiyo. Tafuta paka jike wa kawaida ambaye mama yake ni mwindaji, mpeleke akachanjwe, na ile sumu ya panya iondoe nyumbani kabla hajafika.

Mama Zawadi, Ujiji

Nawashukuru sana, na shikamoo Bi Mwasiti. Shemeji alipodai hati aliambiwa zitafuata baadaye, na alipoomba kuonyeshwa paka mama, simu ikakatwa. Nimemsihi akatoe taarifa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Anaogopa, lakini tunaendelea kumshawishi. Jirani yetu ana paka aliyezaa karibuni, na ametuahidi jike mmoja atakapoacha kunyonya. Mama mkwe aliuliza kama huyo naye ana madoa. Nimemwambia ni wa kijivu, akasema basi alete miguu yake.