Wauzaji wa duka waanze na nini kwenye kompyuta?

Rejareja_Mwz: Wakuu, duka lina wauzaji 4 waliozoea daftari. Tunaingiza kompyuta na skana. Waanze kufundishwa nini?

Kaunta: Mkuu, anza na pesa. Lipa Namba: meseji iliyo kwenye simu ya mteja haihesabiki, ni rahisi kutungwa. Muuzaji asubiri meseji iingie kwenye simu ya duka, asome kiasi na jina, ndipo atoe mzigo. Halafu EFD (mashine ya risiti za kodi): risiti kwa kila mauzo, ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) kila siku mnapofunga. Wailinganishe na pesa ya droo na ya simu palepale, kabla mtu hajaondoka.

StooSafi: Naunga mkono. Kwenye Excel kinachoharibu kazi ni msimbopau (barcode). Una tarakimu 13, na Excel inauona ni namba ya hesabu: 6201234567890 inageuka 6.20123E+12. Ukihifadhi hivyo kama CSV (faili la maandishi matupu), tarakimu za mwisho zimekwenda. Kabla ya kuskani, chagua safu wima (column) nzima ya msimbopau uiweke Text, yaani isomwe kama maandishi. Wape bidhaa 20 za rafuni, sabuni, unga, mafuta. Mmoja askani, mwenzake ahesabu, kisha wabadilishane. Na tafadhali usimshikie mtu kipanya, ashike mwenyewe hata akichelewa.

Rejareja_Mwz: Asanteni sana. Nywila moja kwa wote inatosha?

Kaunta: Hapana. Kila mtu na akaunti yake, la sivyo upungufu ukitokea hutajua ulianzia zamu ya nani. Ruhusa ya kufuta mauzo abaki nayo msimamizi tu.