Mrejesho: majibu ya mama ya homa ya ini C

Wapendwa, niliuliza kuhusu mama yangu, hapa Bukavu, aliyeambiwa ana homa ya ini C baada ya kipimo cha haraka kabla ya upasuaji. Asanteni sana kwa kunishika mkono. Majibu ya pili yametoka: virusi havikuonekana.

Nieleze kidogo. Kile kipimo cha tone la damu, chenye mistari miwili, kinatafuta kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Kingamwili hubaki hata kwa mtu ambaye mwili wake ulishafukuza virusi wenyewe, na hilo hutokea kwa takriban watu 30 kati ya 100, bila dawa, ndani ya miezi 6. Ndiyo maana lazima ipimwe RNA ya virusi, yaani chembe za urithi za virusi vyenyewe, kuona kama bado vipo. Labo walitumia GeneXpert, mashine ileile ya kupimia kifua kikuu. Damu ya mshipa ilizungushwa kwanza ili plazma, yale maji ya damu, ijitenge.

Kilichoniuma ni zile wiki za kungoja. Ndugu walimtengea sahani na kikombe, naye mwenyewe akaacha kubeba wajukuu. Virusi hivi hupita kwenye damu: sindano, wembe, damu ya kuongezewa isiyopimwa. Havipiti kwenye bugali wala kwenye kukumbatiana! Aliyempa jibu la kwanza alipaswa kumwambia palepale kwamba kuna kipimo cha pili.

Dada uliyeuliza kuhusu mumeo: RNA ikionekana, vidonge vipo, mara nyingi vya wiki 12, na zaidi ya 95% ya wanaovimaliza hupona. Mpeleke apimwe.