Tupeane uzoefu: mzigo wa masomo ya uuguzi uliupangaje?

Mama wa Bagira (Bukavu)

Jambo ndugu zangu. Wiki hii wadogo zetu watatu wamenipigia simu na swali ni lile lile: "Yaya, nitaweza uuguzi huku ninafanya kazi?" Jibu langu ni la mtu mmoja tu, kwa hiyo naomba kila aliyepita humo, au anayepita sasa, aandike yake. Andika mwaka uliokulemea, ulipunguza nini, na kipi kilibaki kigumu hata baada ya kupunguza.

Naanza na yangu. Nilimaliza ITM (shule ya sekondari ya uuguzi), nikawa A2, yaani muuguzi wa ngazi ya sekondari, nikafanya kazi miaka sita katika kituo cha afya kabla ya kurudi shuleni kutafuta A1, ngazi ya chuo. Nilikuwa na miaka 29 na mtoto ananyonya. Nilijiambia sindano nazijua, kuzalisha najua, darasani nitakuwa naenda kusikiliza tu. Nikabaki na zamu nne za usiku kwa wiki, mchana shule.

Kwetu Kongo huchagui masomo kama mtu anayechagua kitenge soko la Kadutu. Programu umeshapangiwa. Katika LMD, mfumo wa masomo ya chuo, semesta ni krediti 30, mwaka 60, na zote ni zako. Hapo ndipo nilipojidanganya: kwa kuwa sichagui, nikaona hakuna cha kupanga. Kumbe krediti moja inahesabiwa saa 25 za kazi yako, ukiwa darasani, ukiwa staji (mazoezi ya hospitalini), ukiwa nyumbani na silabusi (maandishi ya somo). Mara 30 ni saa 750. Semesta yetu ilikuwa ya wiki 16, basi ni kama saa 47 kila wiki. Weka na zamu nne za saa 12, nyingine 48. Jumla 95. Wiki nzima ina saa 168. Toa usingizi wa saa 6 kila siku, zinabaki 31, na ni humo nipike, nifue, nitafute maji bomba likikauka, nipande pikipiki kwenda mjini na kurudi, ninyonyeshe.

Hesabu hiyo nilikuja kuifanya matokeo yakiwa yameshabandikwa ukutani. Nilianguka masomo manne, famakolojia ikiwemo. Mimi niliyekuwa natoa dawa kila siku! Nililia njia nzima.

Mwaka uliofuata tulikaa, mimi, mume wangu na mama mkwe, tukaongea usiku mzima. Zamu zikashuka hadi mbili, Ijumaa na Jumamosi. Pesa zikapungua karibu nusu, na miezi ile tulikula sombe kuliko kitu kingine chochote. Mama mkwe akachukua mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni. Sikuondoa somo hata moja. Niliondoa vilivyokuwa vinayabana masomo. Nilipita.

Haya, karibuni.

Binti wa Himbi (Goma)

Aksanti yaya kwa kuanzisha. Yangu ni ya madeni, yaani masomo uliyoanguka ukavuka nayo mwaka.

Nilivuka kwenda mwaka wa pili na deni la masomo mawili, krediti 9. Nilifurahi kabisa, nikasema nimepita. Hakuna aliyeniambia kwamba deni halikai pembeni kukungoja. Fiziolojia niliyokuwa nadaiwa iliangukia Jumanne na Alhamisi asubuhi, siku zile zile kundi langu liko staji. Nikienda staji, namkosa mwalimu. Nikienda kwa mwalimu, kijitabu cha staji kinabaki bila sahihi. Wiki sita nilikuwa nakimbia kati ya hospitali na darasa kama mtu anayefukuzwa, na mwisho wake sikufanya vizuri hata mahali pamoja.

Tena fiziolojia ile ndiyo msingi wa patolojia ya mwaka wa pili. Mwalimu anaeleza moyo unavyoshindwa kusukuma damu, mimi bado sijaelewa unavyosukuma ukiwa mzima. Kwa hiyo deni hilo lilikuwa linanila mara mbili.

Ndipo Januari 2025 vita vikaingia mjini, masomo yakasimama. Tuliporudi, kalenda ilikuwa imebanwa, kazi zote na mitihani vikaja kwa pamoja. Aliyekuwa hana deni alipumua kidogo. Sisi wenye madeni tulizama.

Nilichofanya safari ya pili: kabla ratiba haijatoka nilichukua karatasi, nikachora siku sita, nikaweka masomo ya mwaka wangu kwa wino wa buluu na madeni kwa wino mwekundu. Nikampelekea mwenye kupanga makundi ya staji. Sikumwambia "naomba unisaidie". Nilimwonyesha ile karatasi, akaona mwenyewe rangi mbili zimekaa juu ya saa ile ile. Akanihamishia kundi la mchana. Ilichukua dakika tano. Ukienda wakati makundi yameshatangazwa, hata mtu mwema anashindwa kukubadilishia.

Kaka wa Katuba (Lubumbashi)

Mimi naongeza kitu kimoja. Krediti zinalingana kwenye karatasi tu. Mimi sekondari nilisoma ualimu, si biolojia na kemia. Wenzangu biokemia waliipitia kama marudio. Kwangu kila ukurasa ulikuwa kamusi. Somo la krediti 3 lilinila saa za krediti 6, huku saikolojia na mambo ya maadili ya kazi nikiyapita kwa nusu ya muda. Basi usigawe saa zako sawasawa. Mwanzo wa semesta pitia silabusi zote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kusoma kwa undani. Utajua ni zipi zitakutoa jasho, na hizo uzipe asubuhi, wakati kichwa kizima na hakuna anayekusumbua. Mimi nina kibanda cha kutuma pesa. Nilikuwa nakifungua saa nne badala ya saa moja, na wateja walizoea.

Mzee wa Wodi (Bukavu)

Naandika kama mtu wa upande wa pili. Nawapokea wanafunzi wa staji, ni miaka mingi sasa.

Wanaokuja wametoka kukesha kwenye kazi nyingine nawajua kabla hawajasalimia. Mmoja nilimwambia anipangie dripu: mililita 500 ziingie kwa saa 4. Hesabu yenyewe kila mmoja wenu anaijua, mililita moja ni matone 20, kwa hiyo ni matone 10,000 kwa dakika 240, karibu 42 kwa dakika. Kijana aliifanya vizuri kabisa. Halafu akaandika 24 kwenye karatasi ya mgonjwa. Alikuwa hajalala siku mbili. Niliiona mapema na mgonjwa hakupata shida. Kijana alikaa chini kwenye korido, akashindwa kusema.

Nawaomba wanangu. Mkipanga mzigo, msipange kwa kufikiria mtihani tu. Kwenye mtihani ukichanganya tarakimu unapoteza alama. Kwenye wodi kuna mtu amelala anakutegemea. Wiki za staji ziwe ndizo wiki ambazo kazi nyingine unaziweka chini, hata kama mwaka mzima unazifanya.

Na kijitabu cha staji jazeni siku hiyo hiyo. Kila mwaka kuna wanaonifuata siku ya mwisho na kurasa 20 tupu. Siwezi kutia sahihi kitu ambacho sikukiona, na wao wanaona nimewachukia.

Mwana wa Kadutu

Kwa heshima yote, mzee, "kazi ziweke chini" ni neno zito kwa baadhi yetu. Baba yangu hayupo. Minervali (ada ya shule) nalipa mwenyewe, silabusi nanunua mwenyewe, koti jeupe na viatu vya wodi mwenyewe. Wiki nne bila kazi ni wiki nne wadogo zangu hawali.

Nilichoweza ni kuitengea staji akiba. Tuko kumi na wawili katika likelemba, kila mmoja anatoa kidogo kila wiki na mmoja anachukua zote. Niliomba zamu yangu ya kupokea iangukie wiki ya kwanza ya staji. Walikubali kwa sababu niliomba miezi mitatu kabla. Pesa ile ilitubeba karibu mwezi. Sikupumzika, lakini nililala usiku.

Mzee wa Wodi (Bukavu)

Mwanangu, umesema kweli, na nakushukuru. Hilo la likelemba nitawaambia wanafunzi watakaokuja.

Mama wa Mapacha (Goma)

Mimi nilikuwa na mimba mwaka wa pili na nikaificha. Niliogopa wataniambia nisimame mwaka. Nikasimama wodini saa nane kwa siku hadi miguu ikavimba, na mimi ndiye niliyekuwa nafundishwa kwamba mjamzito mwenye miguu iliyovimba apimwe presha haraka. Aliyenipima ni mwenzangu wa darasa, kwa utani, tukiwa mapumzikoni. Ilikuwa 15 kwa 10, yaani 150 kwa 100. Tuliacha kucheka wote.

Niliposema hatimaye, sikuadhibiwa. Staji ile ilihamishiwa likizo kubwa, mitihani ya masomo matatu nikaifanya seshoni ya pili, ile ya marudio. Wanangu walizaliwa wakiwa wadogo lakini wazima, sasa wana miaka miwili. Dada zangu, semeni mapema. Watu wa ofisini wanaweza kuhamisha staji. Tumbo huwezi kulihamisha.

Mgeni wa Panzi (Bukavu)

Samahani wakubwa zangu, mimi ni wa mwaka wa pili. Nina krediti 30 za semesta na deni la 7. Usiku tatu kwa wiki nalala kwa mama mmoja mgonjwa, nalipwa. Naishi Panzi, shule iko mjini. Nimesoma yote mliyoandika na nimeogopa. Niache lipi?

Mama wa Bagira (Bukavu)

Mdogo wangu, usiache kitu leo. Andika kwanza. Krediti 37 mara 25 ni saa 925, ukigawa kwa wiki 16 ni karibu 58 kwa wiki. Weka na zile usiku tatu. Kama mama huyo analala vizuri na nawe unalala, hazikuli sana. Kama unamgeuza kila saa mbili, hizo ni zamu kamili, zihesabu hivyo. Weka na njia ya Panzi, asubuhi na jioni, na ile foleni unaijua.

Halafu angalia lile deni la 7 ni somo gani. Kama ni somo ambalo lingine linalitegemea, lisukume mbele ya yote, hata mbele ya masomo ya mwaka huu. Kama limekaa peke yake, uliza kama unaweza kulifanya semesta ijayo. Na fanya kama alivyofanya mwenzako wa Himbi, wino wa rangi mbili.

Mgeni wa Panzi (Bukavu)

Aksanti yaya. Deni ni famakolojia. Mama huyo namgeuza kila saa mbili.

Nimechora karatasi. Jumatano, nyekundu na buluu zimekaa saa ile ile. Makundi ya staji yatatangazwa Jumatatu, kwa hiyo kesho asubuhi naenda. Na jioni nitaongea na binti yake huyo mama, tugawane usiku.

Mama wa Bagira (Bukavu)

Nenda kabla ya saa tatu, mdogo wangu, kabla mstari haujawa mrefu. Tuandikie walichokujibu.