"Inaingia bosi, inaingia": wauza spea wa Mtwara mmenivunjia transfa, nataka mnijibu

Wakuu heshima kwenu, uzi utakuwa mrefu na lugha haitakuwa ya kanisani, mtanivumilia.

Hivi nani kawaambia wauza spea wetu huku Kusini kwamba difu ya Hilux (boksi la gia za kwenye ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) ni difu ya Hilux tu ilimradi boliti zimekaa? Mimi gari yangu ni Hilux dabo kabini ya zamani kidogo, dizeli isiyo na tabo, kazi yake kubeba salfa wakati wa kupulizia mikorosho na magunia ya korosho wakati wa mavuno, Tandahimba na vijiji vya Newala, kule ambako mchanga ukikauka unazama na mvua ikinyesha unateleza. Difu ya nyuma ikaanza kuvuma, sili ya pinioni (gia ndogo ya difu) ilikuwa inavujisha oili, beringi zimekwisha, kufungua meno yameliwa. Sawa, chuma kinachakaa, hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanzia hapa. Nimekipiga picha kile kibati cha kwenye ukuta wa injini, chenye mstari umeandikwa TRANS/AXLE na kodi (code) ya ekseli, nikamtumia muuza spea kabisa nikamwambia nataka yenye reshio (uwiano wa meno) hii hii maana gari ni fowili, tairi zote nne zinavuta. Jibu lake "inaingia bosi, hii mtumba safi, imetoka kwenye Hilux kama yako". Fundi naye kuulizwa, "zote sawa tu mzee". Wakafunga. Na kweli iliingia!

Difu ya mbele krauni (gia kubwa) ina meno 41 na pinioni 10, gawanya unapata 4.10. Waliyonifungia nyuma ni 41 kwa 9, ambayo ni 4.556. Kwa ambao hawajawahi kusumbuliwa na haya mambo, maana yake ni kwamba ya mbele propela (shafti ndefu inayozungusha difu) ikizunguka mara nne na kidogo tairi inazunguka mara moja, ya nyuma propela inatakiwa izunguke mara nne na nusu na zaidi ndo tairi imalize mzunguko. Na hizi Hilux zetu hazina difu ya katikati, ukishaingiza fowili propela zote mbili zinafungwa pamoja zinaenda mwendo mmoja. Kwa hiyo tairi za nyuma zikitembea mita 100, za mbele zinataka zitembee mita 111. Hizo mita 11 zinaenda wapi? Lazima tairi fulani iburuzwe, na kama ardhi ngumu imekataa kuburuza basi nguvu yote inajikusanya kwenye propela, hafushafti (shafti za kwenda kwenye tairi) na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) mpaka kitu kikatike.

Kwenye lami huoni kitu, ndo ubaya wenyewe. Unatembea tu wili mbili, injini inalia juu kidogo kuliko zamani, dizeli inaisha haraka, na spidi mita inakudanganya kwa sababu inasoma kwenye transfa, yenyewe inakwambia 100 kumbe uko 90. Nikamwambia fundi gari imekuwa nzito, akasema nizoee, difu bado ngeni. Difu ya mtumba ngeni??

Siku imeingizwa fowili kwenye mchanga gari ikawa inarukaruka, stelingi ngumu kama imefungwa kamba, ila mchanga ulikuwa unaachia kwa hiyo ikasogea hivyo hivyo. Kufika kwenye kipande cha kokoto cha kupanda, na mzigo mgongoni, nataka kutoa fowili livaa halitoki. Linasukumwa, linavutwa, wapi. Nikarudi nyuma kidogo ili ilegee (huo ndo ujanja wake, ukirudi nyuma mkazo unafunguka), kabla haijafunguka nikasikia paa! Transfa imekwenda. Magunia yalihamishiwa kwenye gari ya mtu mwingine na nauli nimelipa mimi.

Sasa kilichonimaliza kabisa ni yule fundi aliyeifunga. Nimemrudishia ushahidi, anakuna kichwa anasema "basi si tubadili pinioni tu, tuweke ya meno 10, krauni si ni ile ile ya 41". Wakuu!! Krauni na pinioni zinasuguliwa pamoja kiwandani, ni mume na mke, zinapewa namba moja, na krauni ya 41 inayokaa na pinioni ya 9 meno yake yamekatwa tofauti na ya 41 inayokaa na 10. Halafu huyo ndo anataka kuzipanga. Plei ya meno (ule mwanya kati ya gia na gia) kwenye hizi difu za inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18, inapimwa kwa saa yake maalumu, unapaka rangi kwenye meno unazungusha unaangalia pinioni inagusa wapi, ikikosea unacheza na shimu (vibati vyembamba vya kusogezea gia). Yeye anashika flenji anatikisa kwa mkono, "plei ipo".

Na msinielewe vibaya, hiyo 4.556 si mbaya. Ingekuwa mbele na nyuma nisingefungua huu uzi. Wengi humu tunabadili tairi bila kufikiria, unatoa 265/70R16 unapiga 285/75R16 ili gari ionekane imesimama, kipenyo kinatoka milimita 777 hivi kwenda 834, asilimia 7, hapo 4.10 yako imeshakuwa kama 3.82 na ile dizeli yetu isiyo na tabo inakufa kwenye kilima, unapanda na gia ya pili unaua klachi. Mwenye tairi hizo na anayebeba mzigo porini, 4.556 inamrudishia gari yake na ziada kidogo. Ila kama tairi ni za kawaida na safari zako ni Mtwara Dar, kilomita 560 hivi za lami, utaichukia, injini inapiga kelele njia nzima. Hayo ndo mazungumzo muuza spea alitakiwa afanye na mteja, unabeba nini, unapita wapi, tairi saizi gani, mbele una ngapi. Dakika tano tu. Akiniambia "ninayo 4.556, chukua na ya mbele yake" huenda ningechukua zote mbili.

Na kuhakikisha wala hakutaki mashine. Nyanyua tairi moja ya nyuma kwa jeki, nyingine ibaki chini, giaboksi nyutro, weka vigingi gari isitembee, chora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili uhesabu propela imezunguka mara ngapi, hiyo ndo reshio yako. (Mara mbili kwa sababu tairi moja imesimama. Kama difu ina loki au limiteti, vitu vya kuzuia tairi moja isizunguke peke yake, nyanyua zote mbili, zungusha mara moja.) Ukitaka kutofautisha 4.10 na 4.30 zungusha mara ishirini ugawanye kwa kumi. Ikiwa difu iko chini dukani ni rahisi zaidi, hesabu meno! Mtoto wa la tatu anaweza.

Muuza spea sasa hivi hapokei simu, na dukani kijana wake anasema mali iliyofungwa hairudi. Imefungwa na fundi aliyeniletea yeye mwenyewe.

Naombeni vitu viwili. Mwenye difu ya mbele ya 4.556 nzima, ya inchi 8, iwe Mtwara, Masasi au Lindi, anicheki PM na picha ya meno yanayohesabika, usinitumie picha ya boksi. Na kama kuna fundi huku Kusini mwenye saa ya kupimia plei na anaitumia kweli, nitajieni gereji iko mtaa gani, gari nitaivuta mpaka hapo.