Straika wa miaka 19: mkopo Pemba, Championship bara, au abaki benchi Unguja?

Mjomba_wa_Straika

Assalaam alaykum wanajamvi. Mtoto wa dada yangu ana miaka 19, namba tisa halisi, amepanda kutoka Juvenile mpaka timu kubwa ya klabu moja ya Ligi Kuu hapa Unguja. Jina la klabu nisamehini, sitolitaja. Msimu uliopita alikuwa akiingizwa dakika za mwisho, pale timu ishashinda au ishakata tamaa. Mbele yake wapo washambuliaji wawili wazoefu na kocha hataki kuwagusa. Sasa uongozi umetuita, wanataka kumtoa kwa mkopo. Mezani kuna haya:

Pemba. Timu ya Ligi Kuu hii hii ya kwetu. Straika wao ameondoka na kocha wao amepiga simu mwenyewe kumuomba. Pesa kidogo, anakaa nyumba ya klabu Chake.

Bara. Timu ya Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu ya bara, inayotaka kupanda. Mshahara mzuri kuliko anaoupata sasa. Tayari wana washambuliaji wanne.

Abaki. Apiganie namba, tukifika dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, tuangalie tena.

Mama yake anataka abaki. Yeye mwenyewe bara tu, haambiliki. Mimi naelemea Pemba lakini nikisema hivyo naonekana namfungia riziki. Nipeni maoni, khasa mliocheza.

Kikwajuni_Damu

Bara, bila ya kujiuliza mara mbili. Feisal Salum alitoka JKU akenda Yanga 2018, leo nani hamjui? Ibrahim Hamad "Bacca" alikuwa KMKM, Januari 2022 Yanga wakamchukua. Mawakala wako kule, makocha wa timu za NBC, Ligi Kuu ya bara, wako kule. Na kijana wa Kizanzibari hahesabiwi mgeni, hagombei nafasi na wachezaji wa kutoka nje ya nchi. Pemba nani atamuona? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Namba9_Mstaafu

Yakhe Kikwajuni, hao uliowataja hawakwenda kwa mkopo wala hawakwenda kutafuta uzoefu. Walichukuliwa wakiwa washakuwa wachezaji, wanaanza kila wiki kwenye timu zao. Halafu mmoja kiungo, mwengine beki. Kiungo akiingia dakika ishirini atagusa mpira, ataonekana. Straika anaweza kuingia dakika ishirini asiguse hata mmoja, na kesho yake mtaani wanasema hajui.

Mimi nimecheza namba hiyo, na mkopo nimeujua. Kitu ambacho mazoezini hukipati ni beki mtu mzima anayecheza kwa ajili ya kula. Wa kwanza aliyenifunza alikuwa akinisubiri kwenye kona: refa akigeuka kuangalia mpigaji, yeye ashanikanyaga vidole na mkono mmoja umeshika jezi yangu chini ya kiuno, pasipoonekana. Mpira unakuja, mimi nimegandishwa. Nikalalamika kwa refa, nikapewa kadi mimi. Ilinichukua mechi nyingi kujua kwamba unaanza kusogea kabla mpigaji hajanyanyua mguu, unamuachia beki akushike ukiwa tayari mwendoni, hapo ndipo refa anaona. Sasa hili kocha hata akuchoree ubaoni mwaka mzima hulipati. Unalipata kwa kuanza mechi, kufeli, na Jumamosi inayofuata ukaanzishwa tena.

Neno langu ni hilo la mwisho: *ukaanzishwa tena*. Timu yenye washambuliaji wanne ukikosa mabao mechi mbili huanzishwi tena.

Takwimu_Tamu

Namuunga mkono Mstaafu, lakini tuweke na mifano ya watu wanaojulikana, maana mkopo wa straika una historia ndefu.

Harry Kane: Tottenham walimpeleka Leyton Orient Januari 2011, daraja la tatu Uingereza, akafunga 5 katika mechi 18. Kisha Millwall 2012, mabao 9, timu inapigania kutoshuka. Ule mkopo wa Millwall ndio wengi wanasema ulimkomaza. Halafu Norwich, Ligi Kuu, jina kubwa zaidi: akavunjika mfupa wa mguu na hakufunga hata bao moja. Halafu Leicester, timu inayotaka kupanda: mara nyingi benchi, na Jamie Vardy naye pembeni yake benchi! Kwa hiyo mikopo minne ya mtu mmoja, na ile iliyokuwa na jina dogo ndiyo iliyomlisha dakika. Msimu wa 2014/15 akarudi akafunga 21 kwenye Ligi Kuu.

Patrick Bamford ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Chelsea wakimtoa kila mwaka. Middlesbrough 2014/15 alifunga 17 kwenye ligi, akachaguliwa mchezaji bora wa Championship yao. Mwaka uliofuata akapelekwa Crystal Palace, ngazi ya juu, hakufunga hata moja na mkopo ukavunjwa katikati ya msimu. Mguu ule ule, umri umeongezeka mwaka mmoja tu. Kilichobadilika ni nani anampa mpira na kocha anamuhitaji kiasi gani.

Wa kwetu: Shaaban Idd Chilunda aling'ara na Azam kwenye Kombe la Kagame la 2018, akaenda Tenerife ya Hispania kwa mkopo mwaka huo huo. Heshima kubwa, lakini hakupata nafasi ya kudumu kule. Na Mudathir Yahya, kijana wa hapa hapa, Azam walimtoa Singida United kwa mkopo, akacheza, akarudi Azam.

Mjomba, mimi nisingeuliza "Pemba au bara". Ningeuliza hizo timu mbili zinacheza vipi. Kijana wako ni wa kukimbilia nyuma ya mabeki, au wa kupokea mpira mgongo ukiwa golini?

Mjomba_wa_Straika

Wa kukimbia. Kimo cha wastani, kasi anayo, mpira wa kichwa bado. Akipewa pasi ya kupenyeza hakosi sana. Akipigiwa mipira ya juu anapotea.

Wete_Kwetu

Basi na mimi Mpemba nisikufiche. Nimefurahi kusikia kijana anatakiwa huku, uwanjani Gombani tunapenda straika na ukifunga utabebwa. Lakini timu nyingi za huku zikienda Unguja hukaa nyuma, zinabutua mbele na kumuachia mtu mmoja apambane na mabeki wawili. Kwa kijana mwenye kasi hilo lina faida, uwanja wote uko wazi mbele yake. Lina na hasara: kuna mechi atakimbia alasiri nzima kufukuza mipira isiyo na mwenyewe, na atarudi nyumbani anahisi hajacheza. Asije akavunjika moyo, hiyo nayo kazi.

Muulizeni kocha swali moja tu: kiungo wake wa juu ni nani? Kama yupo anayeweza kunyanyua kichwa akaona mbio zake, mleteni. Kama hayupo, atakuwa anacheza peke yake.

Na Kikwajuni, "Pemba nani atamuona" ni maneno ya maskani. Ligi ni ile ile. Akija Unguja kucheza viwanja vya Amaan na Mao wanaomuangalia ni wale wale wanaomuangalia leo akiwa benchi, tofauti ni kwamba wakati huo atakuwa uwanjani.

Kikwajuni_Damu

Sawa, neno la maskani nalifuta 😀 Lakini tusidanganyane, NBC ni timu 16 na macho ya Afrika Mashariki yote. Championship ni mlango wa pili wa nyumba ile ile. Timu ikipanda naye yumo, kashafika bila ya kuomba.

Namba9_Mstaafu

Timu ikipanda husajili washambuliaji wapya, bwana. Tena mapema. Wa mkopo ndiye wa kwanza kurudishwa kwao.

MamaMchezaji_Jang'ombe

Samahanini kaka zangu, mnazungumza mabao tu. Mwanangu alitolewa mkopo bara, klabu siitaji. Mpira alikuwa akiupata, sikatai. Mshahara ukasimama. Tukiuliza kule tunaambiwa "sehemu yetu tumetoa, waulizeni kwao". Tukiuliza huku tunaambiwa "yuko kwao, watamlipa wao". Kijana anapiga simu usiku ananambia mama nitumie ya chakula, na mimi nilikuwa nategemea yeye ndiye anitumie. Karatasi ilipokuja kusomwa, haikuandikwa nani analipa nini. Imeandikwa "pande zote zimekubaliana". Zimekubaliana nini?

Na jengine hamulisemi. Ramadhani bara, mechi saa kumi alasiri, na kambi haina futari ya maana. Basi la timu linaweza kutoka Dar likenda mpaka Kagera au Mbeya, kijana amekaa na magoti kidevuni njia nzima, kesho acheze. Si vibaya, wanaume wanakua hivyo. Lakini mumuambie kabla, asidhani anakwenda Yanga.

Mwambie wifi yangu, huyo mama yake, asimzuie, ila asaini akiwa amesoma.

Sheria_na_Soka

Dada ameingia penyewe. Mjomba, kabla ya kuchagua kisiwa au bara, hakikisheni karatasi ina haya kwa maandishi, yenye sahihi za klabu zote mbili na ya kijana mwenyewe:

Nani analipa mshahara, asilimia ngapi, tarehe ngapi, na wa pili akichelewa nini kinatokea. Nani anatibu akiumia, na wapi: goti likipata tatizo analetwa Mnazi Mmoja, anabaki kule, au anapelekwa Dar? Muda wa mkopo unaanza na kuisha lini, na mkataba wake wa klabu mama unaisha lini. Hili wengi hulisahau. Mkataba ukiisha akiwa mkopo, klabu mama haina haja tena ya kufuatilia anaendeleaje, na mkopo umegeuka njia ya kumtoa mlangoni kimya kimya. Mkataba ukiwa na mwaka mmoja tu, ombeni urefushwe kwanza. Wakikataa kurefusha, jibu lao mmelipata.

Halafu kifungu cha kumrejesha dirisha dogo kama hachezi. Kiandikwe kwa dakika au kwa mechi alizoanza, si "asiporidhisha".

Kwa mikopo ya kimataifa FIFA waliweka kanuni tangu Julai 2022: mkopo usizidi mwaka, usiwe mfupi kuliko muda wa kati ya madirisha mawili, na aliyekopwa hakopeshwi tena kwa klabu ya tatu. Kwenu ni suala la ndani ya nchi, kwa hiyo someni kanuni za ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, na kama ni bara za TFF, la Tanzania, za msimu huo, msitegemee niliyoyasema mimi. Ila huo muundo wa FIFA ni kipimo kizuri. Mkiletewa mkopo wa miaka miwili, ulizeni kwa nini.

Takwimu_Tamu

Naongeza moja. Mkopo mzuri unaweza pia kumuuza. Lukaku alifunga 17 akiwa West Brom 2012/13, matatu siku ya mwisho dhidi ya Manchester United, ile sare ya 5-5 ya kumuaga Ferguson. Chelsea hawakumpa namba, wakamtoa tena Everton, na 2014 wakamuuza huko huko. Kwa klabu ilikuwa biashara, kwa Lukaku ilikuwa kazi. Kwa hiyo kijana asende mkopo akiwa na fikra ya "nitarudi kuwa namba moja hapa". Acheze kama anajitafutia klabu.

Na kuhusu kubaki, hakuna aliyeutetea mpaka sasa. Mimi natetea kidogo: kama mmoja wa wale wazoefu anaondoka dirisha hili, kubaki ndiyo bora kuliko yote. Kocha anamjua, nyumbani anakula vizuri. Kama hawaondoki, kubaki ni mwaka wa kukaa benchi na bibu ya akiba.

Mjomba_wa_Straika

Shukran nyote, wallahi nimefaidika. Nilimpigia kocha wa Pemba nikamuuliza suala la Wete_Kwetu. Hakusita, amenitajia kiungo wake, kijana wa Chipukizi zamani, na akanambia anataka kucheza na mabeki wa pembeni wanaopanda. Nikampigia na wa bara, yule kiongozi, suala hilo hilo. Akanijibu "tuna kikosi kipana". Kijana alikuwa pembeni anasikiliza kwa spika, sikumuongezea neno.

Wale wazoefu wawili hawaondoki, nimeulizia. Mkataba wake umebaki mwaka mmoja, Sheria umenifumbua macho, kesho nakwenda kuomba urefushwe kabla ya kitu chochote. Mama yake kashakubali Pemba kwa sababu anaye shangazi Machomane.

Limebaki moja. Klabu yetu wanataka kuandika kwamba asicheze dhidi yao. Hilo la kawaida au wananionea?

Sheria_na_Soka

La kawaida. Ligi Kuu ya Uingereza ni kanuni kabisa, Lukaku hakuruhusiwa kucheza dhidi ya Chelsea akiwa Everton. Kubalini, ni mechi mbili tu za msimu. Mkitaka kujua kwa nini wanaogopa, Agosti 2020 Coutinho alikuwa Bayern kwa mkopo wa Barcelona, akaingia akitokea benchi akawafunga mabao mawili wenye mali, siku ya 8-2. Ila hakikisheni hizo mechi mbili hazihesabiwi kwenye kile kifungu cha dakika.

Kikwajuni_Damu

Mimi bado nasema bara. Lakini hiyo "tuna kikosi kipana" hata mimi imenikata. Mjomba, akifunga Gombani tuma video humu.

Wete_Kwetu

Na boti akate ya asubuhi, mchana wakati huu bahari chafu. Nitampokea Mkoani mwenyewe.