Naombeni ushauri: sabuni yangu ya kwanza ya maziwa ya mbuzi imetoka rangi ya chai na inanuka, niitupe?

MamaNasra_Pongwe
Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Mimi niko Pongwe hapa Tanga nafuga mbuzi wa maziwa, wawili nakamua na beberu mmoja. Maziwa ya mbuzi mtaani kwetu kuyauza kazi kweli, mtu anaonja anasema yananuka anarudisha kikombe, sasa nikaona video ya dada mmoja anatengeneza sabuni nikasema ngoja na mimi nijaribu maana maziwa yanamwagika kila siku nikiangalia roho inaniuma.

Kipimo alichotoa yule dada kilikuwa mafuta ya zeituni gramu 500, nazi 300, mawese 200, kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) 143 na maziwa kama 290. Zeituni mimi nitaipata wapi ya nusu kilo, bei yake sio ya kuchezea, nikaamua hiyo 500 niweke nazi vile vile, yaani nazi ikawa 800 jumla, kostiki nikaacha hivyo hivyo 143. Nazi nimekuna na kukamua mwenyewe, nikachemsha tui mpaka mafuta. Mawese ni yale mekundu ya Kigoma.

Maziwa nilitoa kwenye friji ya baridi ya kawaida, nikamimina kostiki kwa mikupuo miwili. Jamani. Pale pale yakawa manjano, sijakaa sawa yakawa ya machungwa, mara rangi ya chai iliyoungulia jikoni, ndoo ikawa ya moto haishikiki na harufu ikatoka kama ya choo cha stendi. Nikajipa moyo nikaendelea, nimekoroga na mwiko kama dakika 40 mpaka ikawa uji, nikamimina kwenye boksi nililotandika nailoni, nikafunika na blanketi kama video inavyosema. Asubuhi katikati kuna duara jeusijeusi kama jeli, pembeni rangi nyingine. Leo siku ya tatu bado laini kama halua, ukishika mkono unabaki na mafuta na ile harufu ipo. Baba Nasra anasema nikaifukie kabla mtoto hajaogea. Imeharibika kweli? Niitupe au inatengenezeka?

MgosiWaMuheza
Pole sana dada. Mimi situpi kitu hapo. Sabuni ikiwa na mafuta maana yake kostiki haikutosha, iyeyushe kwa moto mdogo uongeze gramu 30 hivi itakaza fresh tu. Sabuni za mche tulikuwa tunafanya hivyo.

BintiRaskazone
Kabla ya yote, ulichanganyia kwenye chombo gani mwaya? Kama ni sufuria hizi zetu za kawaida za aluminiamu hapo usiulize, mwaga. Mimi mara ya kwanza niliweka kostiki kwenye sufuria ya wali, ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, povu la kijivu likapanda mpaka juu, na ile hewa inayotoka inashika moto na mimi nilikuwa na mkaa unawaka hatua tatu tu kutoka hapo. Sufuria ikabaki na vitundu. Kostiki na aluminiamu havikai nyumba moja kabisa, tumia stenlesi au plastiki ngumu.

MamaNasra_Pongwe
Hapana dada, ndoo ya plastiki ile nene ya lita 10 na mwiko wa mbao. Mizani ya kidijitali nimeazima kwa jirani anayeoka keki.

BiMkubwa_Chumbageni
Marahaba mwanangu. Usitupe, na usimsikilize kijana wa Muheza kabla hujanisoma, anisamehe.

Kila mafuta yana ulaji wake wa kostiki. Gramu moja ya nazi inakula kostiki kama 0.183, mawese kama 0.142, zeituni 0.135. Ile hesabu ya yule dada wa video iko sawa kwa mafuta yake, ukipiga inakuja kama 151, akapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kwenye sabuni ngozi isikauke, ndio akapata 143. Wewe umetoa zeituni umeweka nazi, na nazi ndiyo mlafi kuliko wote hapo. Gramu 800 za nazi zinataka 146, mawese 200 yanataka 28, jumla kama 175. Umeweka 143. Kwa hiyo sabuni yako ina mafuta ya ziada kama asilimia 18. Haijazidi kostiki hata kidogo, imepungua. Na Mungu mkubwa, sabuni yenye nazi nyingi kiasi hicho ndivyo inavyotakiwa, wanaotengeneza ya nazi tupu wanaacha mpaka asilimia 20, la sivyo inakausha ngozi mpaka unajikuna.

Sasa angalia zile 30 za kijana. 143 na 30 ni 173, imebaki gramu mbili tu za kukulinda. Mizani ya kuazima, nazi ya kukamua mwenyewe yenye majimaji kidogo ndani, hapo ungeshika sabuni inayounguza umkabidhi mtoto. Usiongeze kitu.

Rangi: nusu yake ni yale mawese mekundu, hata ungefanya kila kitu sawa isingetoka nyeupe. Nusu nyingine ni sukari ya maziwa imeungua, kostiki ikigusa kimiminika inatoa joto kali yenyewe, maziwa hayavumilii. Harufu ya choo nayo inatoka kwenye protini ya maziwa ikivunjwa na kostiki, inaondoka yenyewe sabuni ikikaa. Lile duara la katikati ni joto tu, katikati kumepata moto kuliko pembeni, halina madhara yoyote. Blanketi ndilo limeleta hilo, sabuni ya maziwa haifunikwi, inapelekwa sehemu ya baridi.

Ila ikate LEO. Nazi nyingi ikishakaza inakuwa gumu hadi kisu kinaipasua kama kaukau. Panga vipande kwenye wavu au chekeche, viachiane nafasi upepo upite chini na juu, kivulini, sio juani. Subiri wiki nne mpaka sita. Ikifika wiki ya kwanza lowesha kidole, sugua kwenye kipande, gusisha ncha ya ulimi halafu suuza mdomo. Ikikurusha kama umelamba betri usiitumie. Ukisikia ladha ya sabuni tu, umesalimika.

MamaNasra_Pongwe
Bi mkubwa nimesoma mara mbili machozi yananilengalenga, Mungu akupe maisha marefu. Nimeshaikata, vimetoka vipande tisa, ndani kuna lile duara kama jicho. Swali lingine, wakati namimina kuna tone liliruka likanipata kifundo cha mkono, nilipaka siki kama nilivyoambiwa, pamebaki pekundu.

MgosiWaMuheza
Bi mkubwa nimekusoma, nimeweka kalamu chini nimepiga hesabu mwenyewe nimeona kweli zinabaki gramu 2 tu. Dada naomba radhi, siku zile za mche sisi mzee ndiye alikuwa anapima, mimi nilikuwa nakoroga tu.

BiMkubwa_Chumbageni
Siki kwenye ngozi hapana. Maji tu, mengi, yanayotiririka, robo saa nzima hata kama unaona pamepoa, na pakipata jicho ni maji hivyo hivyo huku unakimbizwa hospitali. Siki ifutie sakafu. Na vaa glavu ndefu na miwani ya fundi kuchomelea au yoyote inayofunika, mtoto awe kwa jirani. Kostiki ndiyo inaingia kwenye kimiminika, usije ukafanya kinyume ukaimwagia maji juu yake, inalipuka kama sufuria ya maharage. Kopo lake lifunge pale pale ukishapima, hewa yetu ya Tanga ina maji mengi, ukiliacha wazi chengachenga zinanyonya unyevu zinashikana na kipimo chako kinakuwa cha uongo.

BintiRaskazone
Mama Nasra raundi ya pili maziwa yagandishe kwanza. Mimi nayaweka kwenye treya za barafu usiku kucha, asubuhi napima yakiwa mawe, naweka kwenye chombo changu cha stenlesi na hicho chombo nakikalisha ndani ya beseni la maji ya barafu. Kostiki nanyunyiza kijiko kimoja, nakoroga, nasubiri, kijiko kingine. Inachukua kama nusu saa na zaidi lakini maziwa yanabaki rangi ya krimu. Yakianza kugeuka manjano ya ndizi naacha kwanza mpaka yapoe. Ukimaliza chuja, maana chenga ya kostiki ambayo haijayeyuka ikiingia kwenye sabuni ndiyo itakayomuunguza mtu. Blenda ya mkono kama unaweza kuazima itakuokoa zile dakika 40, unapiga kidogo unazima unakoroga, ukinyanyua ule mchirizi ukabaki juu kidogo kabla ya kuzama, imeiva, mimina.

Msambaa_Mfugaji
Niko Lushoto nafuga. Naongea habari ya maziwa sio sabuni. Dada umesema una beberu, analala wapi? Kama banda moja na majike hapo ndipo maziwa yanapata ile harufu watu wanakurudishia kikombe. Beberu ana tezi karibu na pembe na anajikojolea mwenyewe mpaka ndevuni, harufu inahamia kwa majike na maziwa yanaibeba. Mtenge, mbali kiasi, upande upepo unakokwenda sio unakotoka. Osha kiwele, chuja, na upoze haraka maji ya baridi. Utaona tofauti ndani ya siku chache, unaweza hata usihitaji kutengeneza sabuni yote hiyo.

MamaNasra_Pongwe
Kaka, banda ni moja! Nilijua ndio asili ya maziwa ya mbuzi. Asante, hilo nalifanyia kazi wiki hii.
Bi mkubwa nipe basi kipimo ambacho sihitaji zeituni. Na naweza kuweka unga wa mdalasini wa Amani? Napenda harufu yake.

BiMkubwa_Chumbageni
Nazi 300, mawese 500, alizeti 200. Kostiki 145, maziwa yaliyoganda 300. Alizeti usizidishe hapo, ikiwa nyingi sabuni inakaa laini na baada ya miezi inatoa madoa ya kuchacha. Nazi yako ichemshe mpaka ule mlio wa kupasukapasuka uishe na mashapo yawe kahawia, hapo maji yameisha. Ukibadilisha mafuta yoyote, hata gramu 50, piga hesabu upya.
Mdalasini hapana kwa sabuni ya mtoto, unawasha. Karafuu nayo inagandisha uji ghafla ukiwa bado umeshika mwiko. Ya kwanza na ya pili acha bila harufu ujue mkono wako.

Zuhura_Ngamiani
Samahani naingilia, ukishafanikiwa ukitaka kuuza pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo pale mjini, wanafundisha na wanakupa barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Na kwenye karatasi usiandike inatibu ukurutu au upele hata kama wateja wanakwambia imewasaidia. Andika sabuni ya maziwa ya mbuzi na vilivyomo basi.

MamaNasra_Pongwe
MREJESHO. Wiki ya tano leo wapendwa. Ya ulimi nilifanya wiki ya kwanza, haikurusha. Harufu ya choo iliondoka yenyewe kama siku ya kumi, sikujua hata imeondoka lini, Baba Nasra ndiye aliyeokota kipande akanusa akakirudisha bila kusema kitu. Vimekaza kweli, kimoja kilikuwa gramu 120 siku ya kukata sasa hivi 104. Rangi imebaki ya chai na lile jicho lipo. Jana nimeogea mwenyewe kwanza, povu jingi, jeupe, halafu ngozi haikubana, niliingia kulala bila kupaka mafuta miguuni, mimi huyu ambaye kisigino changu kinashika shuka.

Kitu kimoja tu, juzi mvua iliponyesha vipande vilitoa matone juu kama vinatoka jasho. Ni mbaya?

BintiRaskazone
Hiyo ni gliserini inavuta unyevu wa hewa mwaya, hapa pwani zote zinafanya hivyo. Futa, vikikauka funga kwenye karatasi weka kabatini mbali na bafu.

MamaNasra_Pongwe
Asante. Beberu nimemhamishia nyuma ya mkorosho, na maziwa gramu 300 yako kwenye friza tangu Alhamisi. Jumamosi Nasra anaenda kwa bibi yake, naanza saa mbili asubuhi.

BiMkubwa_Chumbageni
Kumbuka miwani.